Kupima unyevu wa mbao na kuzuia ukungu ndani ya tanuri

Siku ya nne nilifungua mlango wa tanuri la kukaushia mbao, na pua ikajua kabla ya macho. Ilikuwa harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni. Nikawasha tochi, nikamulika rundo la nyuma: mbao za paini za unene wa milimita 50 zilikuwa zimeota manyoya ya kijivu kuanzia safu ya tatu hadi chini kabisa. Rundo la mbele, la mti uleule, lililoingia siku ileile, lilikuwa safi kama limetoka kupasuliwa.

Kipimajoto kilikuwa sawa, kilisoma nyuzi 40 tangu nilipowasha. Kosa lilikuwa langu: niliacha pengo la kama nusu mita kati ya rundo na dari. Hewa ni mvivu, ikiona njia rahisi hupita hapo. Ilizunguka juu kwa raha zake, huku mbao za chini zikikaa kwenye mvuke wao wenyewe, vuguvugu na bila upepo. Ukungu hautaki zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo naziba kila pengo la juu na la pembeni kwa turubai zito, kisha naingia ndani feni zikiwa zinazunguka na kuushika mkono wangu mbele ya rundo, safu kwa safu. Safu ambayo siuhisi upepo, naisimamia mpaka niujue ulikopotelea.

Tuanze na unyevu, maana ukungu hufuata namba hiyo. Unyevu wa mbao huhesabiwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao ikiwa kavu kabisa, si uzito wake wa mbichi. Ndiyo maana mbao mbichi inaweza kuwa na unyevu wa asilimia 120 na mahesabu yasiwe na kosa. Wengi hukwama hapa, wakagawanya kwa uzito wa mbichi, kisha wakashangaa kwa nini namba zao hazilingani na za mtu mwingine yeyote.

Mimi huamini mizani kwanza, kipimo cha sindano (kile kifaa cha betri ambacho sindano zake huchomwa kwenye mbao) baadaye. Chagua mbao chache za kukuwakilishia mzigo, na usichague zilizo nzuri: chukua nzito, nene, iliyopasuliwa karibuni zaidi. Kata na utupe sentimita 30 au zaidi za mwisho, kwa sababu ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kisha kata kipande chembamba cha milimita 25, halafu ubao wa mfano wa karibu mita moja, halafu kipande kingine chembamba upande wa pili. Pima vyote papo hapo, kabla hujaenda kunywa chai. Paka ncha mbili za ubao wa mfano rangi nzito au lami ili maji yasitokee huko.

Vile vipande viwili viingie kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Mara nyingi ni kama siku nzima. Tuseme kimoja kilikuwa gramu 212 kikabaki 128, cha pili 205 kikabaki 125. Cha kwanza kilikuwa na maji gramu 84. Gawanya kwa 128, unapata karibu asilimia 66. Cha pili kinatoa asilimia 64. Wastani ni 65. Kama ubao wa mfano ulikuwa kilo 4.60, uzito wake mkavu ni 4.60 gawa kwa 1.65, yaani kilo 2.79. Andika namba hiyo kwenye ubao wenyewe kwa kalamu isiyofutika, kisha urudishe ndani ya rundo kwenye nafasi ambayo utaweza kuuchomoa. Kuanzia hapo kila siku ni kupima tu. Ukifika kilo 3.30, umebaki na maji kilo 0.51, sawa na asilimia 18 hivi. Hakuna betri, hakuna kubahatisha.

Kipimo cha sindano kina kazi yake, ila ujue mipaka yake. Juu ya asilimia 30 hivi, pale kuta za nyuzi za mti zinaposhiba maji, namba yake ni ya kukisia. Husoma juu kuliko ukweli mbao ikiwa ya moto, kwa makadirio asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 zaidi ya zile 20 ambazo vingi hupangiwa, kwa hiyo usichome mbao iliyotoka tanurini ukaamini. Kila aina ya mti ina marekebisho yake, na mbao iliyotiwa dawa ya chumvi za shaba hukichanganya kabisa. Usichome kwenye fundo wala karibu na ncha.

Zaidi ya yote, angalia kina. Niliwahi kufunga mzigo kwa nailoni baada ya sindano fupi kuniambia asilimia 13. Wiki mbili baadaye ulifunguliwa ukiwa na madoa meusi. Ngozi ilikuwa 13 kweli, lakini katikati palikuwa na 23, na maji yakatoka taratibu yakakwama chini ya nailoni. Siku hizi natumia sindano ndefu zilizofunikwa mwili mzima isipokuwa nchani, napima juujuu kisha katikati. Asiyekuwa nazo akate ubao mmoja katikati na kupima kwenye uso mpya dakika hiyohiyo. Tofauti ikizidi asilimia 3 au 4, tanuri halijamaliza kazi.

Sasa ukungu wenyewe. Chini ya asilimia 20 hauoti, basi vita vyote viko kwenye siku za mwanzo, mbao ikiwa bado imeloa na sisi tukiogopa kuipasua kwa joto kali. Mbao isikae uani siku tatu ikingoja zamu. Doa la bluu huingia ndani ya sehemu nyeupe ya mti na randa hailifikii, tofauti na ukungu wa juu unaofutika. Vijiti vya kutenganisha safu viwe vikavu, unene wa milimita 20 hadi 25, na vipangwe kimoja juu ya kingine wima. Kijiti kibichi huacha mstari wa doa kila kinapogusa. Feni zisizimwe hata saa moja. Umeme ukikatika mzigo ukiwa mbichi, fungua milango na matundu, usifungie joto ndani.

Utambi wa kipimajoto cha unyevu, yaani kitambaa chenye maji kinachokifunika, nabadilisha kila mzigo na nautilia maji safi yasiyo na chumvi. Ukikauka au ukiota ganda, kipimajoto hicho husoma juu, tanuri hudhani hewa imelowa, hufungua matundu, na mbao hupasuka. Huo si ukungu, lakini nimewaona watu wakikimbia ukungu na kuangukia humo.

Ukishauona umeota, usiongeze upepo tu ukangoja. Pandisha joto hadi kama nyuzi 55 hewa ikiwa imejaa mvuke, na baada ya kila kona ya tanuri kufikia joto hilo, ishikilie saa moja. Hapo kuvu wa juu hufa bila mbao kupasuka. Kisha rudi kwenye ratiba yako. Jua tu kwamba mvuke huo hauachi kinga yoyote: mbao ikilowa tena, ukungu mpya utaota. Vaa barakoa unapopiga brashi mabaki.

Mwisho wa kukausha, zima joto, acha feni zizunguke, na usitoe mzigo mpaka mbao iwe karibu na joto la nje. Mbao ya moto ikifunikwa hutoa jasho. Ghalani, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huirudisha mbao hadi 16 hivi. Hewa ya 90 huifikisha karibu na 20, kulekule tulikotoka. Kwa hiyo ubao mmoja wa mfano naubakiza juu ya rundo, na kila Jumatatu naupandisha kwenye mizani.