Mambo ya kuzingatia kabla ya kuuza chakula kwa jina la Siku ya Graundihogi

Kila tarehe 2 Februari, katika mji mdogo wa Punxsutawney jimboni Pennsylvania, wanaklabu waliovaa makoti rasmi na kofia ndefu nyeusi humtoa graundihogi aitwaye Phil kwenye kisiki chake na kutangaza alichokiona. Akiona kivuli chake, baridi itaendelea kwa wiki sita zaidi. Asipokiona, majira ya machipuko yatawahi. Graundihogi ni mnyama mnene wa jamii ya kindi, anayechimba mashimo na kulala kipupwe kizima. Desturi yenyewe ilitoka kwa wahamiaji wa Kijerumani, walioifungamanisha na sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, na sherehe ya Punxsutawney imekuwapo tangu 1887.

Kwa mwenye mgahawa Marekani, siku hii ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Februari ni mwezi mkavu wa biashara, watu wamebana matumizi baada ya Krismasi, na sikukuu yenyewe haina mlo wake wa lazima kama bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani ya Novemba. Nafasi iko wazi. Awe anauza supu ya ndizi Columbus au chai na mandazi Minneapolis, mtu anaweza kuingia bila kumwiga yeyote. Lakini ni siku ya saa chache tu, na imefungwa kwenye matokeo usiyoyajua mapema. Jipange.

Anza na kalenda. Mwaka 2027 tarehe hiyo ni Jumanne, 2028 ni Jumatano. Mwaka 2027 fainali ya mpira wa Kimarekani inachezwa tarehe 14 Februari, ambayo pia ni siku ya wapendanao, kwa hiyo usimalize bajeti yote ya matangazo wiki ya kwanza. Na kama wateja wako wengi ni Waislamu, kumbuka kwamba Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Ofa ya supu ya mchana ya wiki sita itabaki na siku sita tu za wateja hao. Ihamishie kwenye futari tangu mwanzo. Usisubiri kuona viti vitupu.

Vikata biskuti vyenye umbo la mnyama viagize kabla ya Krismasi. Mwishoni mwa Januari huwa vimeisha madukani.

Mnyama hai usimlete. Kanuni za afya zinazofuatwa na majimbo mengi zinazuia wanyama kwenye maeneo ya chakula, isipokuwa kwa ruhusa chache kama mbwa wa kumsaidia mlemavu. Graundihogi ni mnyama wa porini, na ndiye anayeongoza miongoni mwa wanyama wagugunaji wanaokutwa na kichaa cha mbwa nchini humo. Hata wale waliozoea kamera huuma: mwaka 2009 graundihogi wa Staten Island alimuuma meya wa New York, Michael Bloomberg, na mwaka 2014 mrithi wake, Bill de Blasio, aliponyokwa na mnyama, mnyama akaanguka mbele ya wapiga picha. Mnyama huyo alikufa siku chache baadaye, na habari yake ikaandamana na jina la meya kwa miaka. Mgahawa hauhitaji habari ya namna hiyo. Mwanasesere wa manyoya karibu na kaunta anatosha kupigiwa picha na watoto.

Picha na jina navyo vina wenyewe. Filamu maarufu ya 1993 yenye jina la siku hii inalindwa na hakimiliki, pamoja na picha zake na nyimbo zilizomo. Usikate kipande chake ukakiweka kwenye tangazo. Akaunti ya biashara kwenye mitandao ya kijamii pia haina ruhusa ya kutumia kila wimbo ambao akaunti ya mtu binafsi inaupata. Jina la siku unaweza kulitaja. Jina la Phil na nembo ya klabu yake usivibandike kwenye menyu kana kwamba mna mkataba. Chora graundihogi wako, mpe jina lako.

Sasa ofa yenyewe, ambapo wengi huumia.

Ofa inayopendwa ni ile ya masharti: akiona kivuli mteja anapata hiki, asipokiona anapata kile. Ni nzuri, kwa sababu inampa mteja sababu ya kufuatilia na kuja siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba watu huipangia bei kana kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu. Sivyo. Tangu sherehe ianze, Phil ameona kivuli zaidi ya mara 100, na mara ambazo hakukiona ni kama 20 tu. Kwa hiyo upande wa kivuli ndio utakaoulipia karibu kila mwaka, na ndio unaopaswa kupigiwa hesabu senti kwa senti. Wengine wakishajua hilo huruka upande wa pili: wanaahidi kitu kikubwa asipoona kivuli, chakula cha bure kwa kila anayeingia, wakiamini halitatokea. Mwaka 2019 hakuona. Mwaka 2020 hakuona tena. Mwaka 2024 vilevile. Ahadi usiyoweza kuilipa usiiandike, hata kama inatokea mara moja kwa miaka sita.

Chukua mgahawa wa kawaida unaouza bakuli 50 za supu kwa siku. Bakuli ni dola 8 na viungo vyake vinagharimu dola 2.40, kwa hiyo kila bakuli linabakiza dola 5.60, na siku nzima dola 280. Mwenye mgahawa anatangaza: akiona kivuli, supu ni dola 6 kwa wiki zote sita. Inasikika vizuri, sita kwa sita. Lakini sasa kila bakuli linabakiza dola 3.60, na ili arudi kwenye dola 280 zilezile anatakiwa kuuza bakuli 78. Ni bakuli 28 zaidi kila siku, kwa siku 42, ili tu asipoteze.

Halafu sufuria. Bakuli la mililita 350 mara 50 ni lita 17 na nusu, zinazoenea kwenye sufuria ya lita 20. Bakuli 78 ni zaidi ya lita 27. Hazienei. Mpishi atafanya mojawapo ya mambo mawili: ataongeza maji mchana, na mteja aliyekuja kwa tangazo ataonja supu nyepesi, au atapika sufuria ya pili saa nane ambayo haitaisha. Ile iliyobaki ndiyo hatari. Sufuria nzito ya lita 20 ikiingizwa kwenye friji ikiwa moto, katikati yake hukaa vuguvugu usiku kucha na vijidudu huzaliana humo. Supu inatakiwa ishuke kutoka nyuzi 57 za Selsiasi hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Imimine kwenye trei pana, kina cha sentimita 5 hivi, usizifunike mpaka zipoe, na pima kwa kipimajoto. Ukiona huna trei za kutosha wala nafasi kwenye friji, punguza ofa. Badala ya kila siku, fanya Jumanne tu kwa wiki sita, au toa kadi ya kugongwa muhuri: bakuli tano kwa bei kamili, la sita bure. Kadi hiyo inakugharimu dola 2.40 za viungo kwa kila dola 40 ulizoingiza, na mteja amerudi mara tano.

Wiki sita pia ziandikwe kwa tarehe. Kuanzia 2 Februari, siku 42 zinaishia 15 Machi, na katika mwaka mrefu kama 2028 zinaishia 14 Machi. Usiandike "mpaka baridi iishe". Kuna mteja atakayekuja Aprili na theluji mabegani.

Andika pia ni graundihogi yupi anayehesabika. Hili ndilo linalozua ugomvi kaunta. Phil ni maarufu kuliko wote, lakini hayuko peke yake: New York wana Chuck wa Staten Island, Ontario nchini Kanada wana Willie wa Wiarton, na miji mingine ina wake. Mara kwa mara hawakubaliani. Sasa fikiria mgahawa wa New York ulioandika tu "graundihogi asipoona kivuli, kahawa bure". Asubuhi Phil anaona kivuli, mwenye duka anapumua. Saa sita mchana mteja anasimama mbele ya keshia akiwa na simu mkononi: Chuck hakuona, na Chuck ndiye wa mji huu. Nyuma yake kuna watu tisa, wawili kati yao wameshaanza kusoma habari hiyohiyo. Keshia hana maelekezo, mwenye duka hapokei simu, foleni imesimama. Atakayegombana na mteja atapoteza zaidi ya bei ya kahawa, na atakayeitoa ataitoa kwa wote tisa. Sentensi moja ingemaliza yote: "Matokeo yanayohesabika ni yale yanayotangazwa Punxsutawney, Pennsylvania, asubuhi ya tarehe 2 Februari." Iweke kwenye tangazo, kwenye kadi ya mezani na kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mashine ya mauzo.

Matokeo hutoka muda mfupi kabla ya saa moja na nusu asubuhi kwa saa za mashariki mwa Marekani. Dallas na Minneapolis hapo ni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na California ni kabla ya saa kumi na nusu alfajiri. Tangazo la matokeo usilipange lijirushe lenyewe. Yanayoruhusiwa kupangwa ni yale ya kuchangamsha ya siku saba kabla. La siku yenyewe litengeneze kwa namna mbili, liweke kwenye rasimu, na mpe mtu mmoja mwenye jina kazi ya kusikiliza matokeo na kubonyeza. Akikosea upande, wateja watamwamini yeye.

Na upande hukosewa kirahisi, kwa sababu mantiki yake imepinduka: mwanga wa jua ndio unaoleta kivuli, na kivuli ndicho kinacholeta baridi. Mhudumu mgeni nchini atadhani jua ni habari njema. Kwenye kila picha andika maana kamili, "Ameona kivuli: wiki sita zaidi za baridi". Kadi za mezani zichapishe pande mbili, huku kivuli na huku machipuko, mhudumu anageuza tu asubuhi. Kwenye mashine ya mauzo tengeneza punguzo mbili siku moja kabla, moja ikiwa imezimwa. Programu za kupeleka chakula nyumbani huchelewa kusasisha menyu na bei, hivyo kitu kipya kiingizwe mapema.

Kama unafungua saa tano, usilazimishe ofa ya kifungua kinywa. Wahi kutangaza asubuhi, uza mchana.

Upande wa vitamu, kinachouzika ni kikombe cha "udongo": pudini ya chokoleti, juu yake biskuti nyeusi zilizopondwa, na biskuti ya graundihogi inayochungulia. Kwa vikombe 24 vyenye mililita 120 za pudini unahitaji kama lita 3 na gramu 400 hivi za biskuti za kuponda. Pudini na vikombe vinaweza kulala kwenye friji. Chembe zimwagwe asubuhi, na biskuti ya mnyama ichomekwe wakati wa kumpa mteja. Ikichomekwa usiku inanyonya unyevu, miguu inalainika, na asubuhi utamkuta kila graundihogi amelala kifudifudi kwenye pudini. Biskuti za molasi na viungo, zilizozoeleka Pennsylvania siku hii, hukaa imara kuliko za siagi nyingi. Orodhesha vizio, yaani vitu vinavyomdhuru mwenye mzio: maziwa, ngano, soya, na mayai kama yamo. Ufuta nao umo kwenye orodha ya vizio vikuu tangu Januari 2023, basi anayepamba kwa ufuta auandike.

Baadhi ya migahawa ya huko siku hiyo huuza soseji za nguruwe kwa utani wa jina la mnyama, kwa kuwa "hog" kwa Kiingereza ni nguruwe. Mwenye jiko la halali aachane na utani huo hata kwenye picha.

Shindano la kubashiri linaongeza wafuasi, lakini ukimlazimisha mtu anunue ndipo abashiri, kisha ukamchagua mshindi kwa kura, hiyo tayari ni bahati nasibu, na biashara binafsi haziruhusiwi kuiendesha. Weka njia ya kushiriki bila kununua, andika mwisho wa kubashiri ni usiku wa tarehe 1, na uangalie masharti ya jimbo lako.

Mengine ni ya kawaida: theluji inaweza kufunga barabara, kwa hiyo mkate na maziwa viagizwe kabla ya tarehe 31 Januari, usiahidi idadi bila kuandika "mpaka viishe", usimwache mhudumu mmoja asubuhi hiyo, wahudumu waonje kitu kabla ya kukiuza. Na tarehe 15 Machi jioni (14 katika mwaka mrefu), ondoa ofa kwenye ukurasa wako wa Google, kwenye programu za kupeleka chakula, kwenye kioo cha mlango na kwenye mashine ya mauzo, kote kunne siku hiyohiyo.