Kujenga mgongo na mikono kwa chuma, dumu na uzito wa mwili

Anayetaka mikono minene na aanze na mgongo. Katika sehemu nyingi za mazoezi za mitaani, mgeni hukabidhiwa dambeli na kuelekezwa kukunja mikono mbele ya kioo, na mgongo, kwa kuwa hauonekani kiooni, huachwa hadi mwisho au husahaulika kabisa. Utaratibu huo ninaupinga kwa sababu iliyo wazi: kila zoezi la kuvuta hukilazimisha kiwiko kukunjika, kwa hiyo baisepi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, hufanya kazi pamoja na mgongo chini ya mzigo ambao peke yake isingeuweza. Mtu wa kilo 70 anapojivuta juu akining'inia kwenye bomba, mgongo na mikono yake hushirikiana kuinua karibu kilo hizo zote, ilhali mtu huyohuyo akikunja dambeli kwa mkono mmoja huenda asifike kilo 12. Zaidi ya hayo, bega ni kiungo kinachojongea pande zote na hivyo hukosa uthabiti wa asili. Misuli ya mgongo ndiyo inayolishikilia mahali pake, na mgongo dhaifu huufanya mkono wenye nguvu uumie mapema.

Mgongo wenyewe si msuli mmoja. Msuli mpana kuliko yote huanzia kiunoni na kwenye mfupa wa nyonga, hupanda ubavuni na kupita chini ya kwapa hadi kujishikiza kwenye mfupa wa mkono wa juu, na kazi yake ni kuuvuta mkono kutoka juu kuja chini na kutoka mbele kurudi nyuma. Juu yake, kuanzia kisogoni hadi katikati ya mgongo, upo msuli mwingine mpana unaoyaendesha mafupa bapa ya mabega, na chini ya huo imo misuli midogo inayoyavuta mafupa hayo yakaribiane. Kandokando ya uti wa mgongo, kutoka nyonga hadi shingoni, imepanda misuli mirefu inayouweka mwili wima. Hakuna zoezi moja linaloitosheleza misuli hii yote, na ndiyo maana mpango mzuri huwa na kuvuta kutoka mbele, kuvuta kutoka juu na kuinua kutoka chini.

Vifaa visikuzuie. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege iliyoshindiliwa vizuri hufikia takriban kilo 9 na nusu, kwa kuwa lita moja ya zege ina karibu kilo 2.4, na makopo mawili yaliyounganishwa kwa bomba ni chuma kamili cha kuanzia. Yapime yote mawili kwenye mizani kabla ya kuyatumia na uyaandike uzito, kwa sababu chuma kilicholemea upande mmoja huupinda mgongo bila mwenyewe kujua. Dumu la lita 20 nalo ni kifaa bora kuliko wengi wanavyodhani: lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo unaweza kuongeza mzigo kidogo kidogo, jambo ambalo kwa zege haliwezekani. Dumu lisilojaa huyumba kwa maji yanayocheza ndani. Mazoezi yakianza kusumbuka kwa sababu hiyo, badilisha maji kwa mchanga mkavu, ukikumbuka kwamba mchanga ni mzito zaidi kwa ujazo uleule.

Kabla ya seti nzito (seti ni mfululizo wa marudio ya zoezi bila kupumzika), pasha mwili moto kwa dakika tano hadi kumi, kisha panda kwa ngazi. Utaratibu ninaoupendelea ni wa zamani na haujapitwa. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari waliojeruhiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika mwaka 1945 kuhusu kurudisha nguvu za misuli kwa mizigo mizito inayoongezwa hatua kwa hatua, na miaka michache baadaye akaupunguza mpango wake hadi seti tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito unaouweza mara kumi, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzito wote. Ikiwa unaweza kuvuta kilo 20 mara kumi, basi anza na kilo 10, fuata na kilo 15, ndipo uje kwenye 20. Anayeanza hana haja ya zaidi ya hapo kwa kila zoezi kubwa katika miezi ya mwanzo.

Zoezi la kwanza, na ndilo ningelibakiza kama ningelazimika kuchagua moja tu, ni kuvuta dumu au dambeli kwa mkono mmoja ukiwa umeinama. Weka mkono na goti la upande wa kushoto juu ya benchi imara, mguu wa kulia ukiwa chini, mgongo ukiwa umenyooka kuanzia kisogoni hadi nyongani. Shika mzigo kwa mkono wa kulia na uuache ushuke hadi uhisi bega linavutwa kuelekea sakafuni. Mvutano huo wa chini una faida, usiukwepe. Sasa anza mwendo kwa bega, si kwa mkono: rudisha kwanza bapa la bega nyuma, kisha peleka kiwiko kuelekea nyonga, kikipita karibu na ubavu. Kiganja kazi yake ni ya ndoano tu, kushikilia mzigo wakati kiwiko kinasafiri. Ukivuta kiwiko kuelekea nyonga, msuli mpana wa ubavuni hubeba sehemu kubwa ya kazi. Ukikitanua kielekee nje, kazi huhamia juu, kati ya mabega. Tulia kidogo juu, kisha shusha kwa sekunde mbili au tatu. Kosa linaloonekana kila mahali ni kuzungusha kiwiliwili ili mzigo upande, na dalili yake ni kifua kugeukia ukutani kila unapovuta. Ukiliona hilo, punguza uzito siku hiyohiyo. Marudio 8 hadi 12 kwa kila mkono yanatosha, ukianza na mkono ulio dhaifu ili wenye nguvu ufuate idadi yake.

Kujivuta kwenye bomba ni zoezi linaloheshimiwa na ndilo linalokatisha wengi tamaa, kwa kuwa hutaka mtu auinue mwili wake wote tangu siku ya kwanza. Si lazima lianze hivyo. Hatua ya awali ni kuning'inia tu, mikono imenyooka, kwa sekunde 20 hadi 30, hadi vigasha na viganja vizoee. Hatua ya pili ni kuning'inia vivyo hivyo, kisha kuyashusha mabega mbali na masikio bila kukunja viwiko. Mwendo ni mfupi sana, lakini hapo ndipo mgongo unapojifunza kuanza kazi kabla ya mikono. Hatua ya tatu ni kupanda kwa msaada wa kiti hadi kidevu kipite bomba, kisha kujishusha polepole kwa sekunde tatu hadi tano, mara tatu hadi tano kwa seti. Misuli huweza kuushusha mzigo usioweza kuuinua, na nguvu inayopatikana katika kushuka ndiyo itakayokupandisha baadaye. Wakati huohuo, fanya zoezi la kujivuta ukiwa umelala chali chini ya bomba lililofungwa kwa kimo cha kiuno, visigino vikiwa ardhini na mwili umenyooka kama ubao. Viganja vikikutazama, baisepi husaidia zaidi na zoezi huwa jepesi kidogo, kwa hiyo aanzaye na aanzie hapo. Bomba lenyewe lijaribiwe kwa kuliegemea kwa uzito kidogo kidogo kila siku kabla ya kuning'inia, hasa lile lililofungwa kati ya miti.

Kuinua chuma kutoka chini huifanyisha kazi misuli mirefu ya uti wa mgongo, pamoja na makalio na nyuma ya mapaja. Simama chuma kikiwa juu ya katikati ya nyayo, sukuma nyonga nyuma, shika, kaza tumbo kana kwamba unangoja kupigwa, kisha isukume ardhi kwa miguu huku chuma kikipanda karibu na miguu. Hapa pana jambo ambalo wanaotumia vyuma vya zege hawaambiwi. Sahani kubwa za mashindano, yaani vyuma vya duara vinavyovishwa kwenye ncha za bomba, zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo bomba lake hukaa kiasi cha sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Kopo la rangi ni dogo zaidi, bomba hukaa chini mno, na anayeinama kulifikia hujikuta amekunja kiuno. Inua makopo juu ya matofali hadi bomba lifike karibu nusu ya muundi. Marudio matano hadi manane yatosha, na seti ikome mara mgongo unapoanza kupinda, hata kama miguu bado ina nguvu.

Baada ya hayo mikono huhitaji nyongeza ndogo tu. Baisepi haikunji kiwiko peke yake, bali hugeuza pia kiganja kitazame juu. Kwa hiyo anza na viganja vikitazamana na ugeuze kadiri dambeli inavyopanda, viwiko vikibaki ubavuni. Traisepi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, ndiyo inayochukua zaidi ya nusu ya ukubwa wa mkono wa juu, na anayeidharau hunyimwa unene anaoutafuta. Pushapu za viganja vilivyokaribiana huijenga vizuri, na kunyoosha mzigo mmoja kutoka nyuma ya kichwa huufikia upande wake mrefu unaovuka bega. Seti mbili au tatu za marudio 10 hadi 15 kwa kila moja zinatosha.

Panga siku mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, na usiache chini ya saa 48 kati yake. Pumzika dakika mbili au tatu baada ya seti za mazoezi makubwa, na dakika moja na nusu baada ya yale ya mikono. Malizia kila seti ukiwa unahisi ungeweza marudio mawili zaidi. Andika uzito na marudio daftarini; ukifikia marudio 12 safi katika seti nzito, ongeza kilo moja au mbili na urudi kwenye nane. Chakula nacho kisisahaulike: kiasi cha gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku hutosha wengi, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70, na hilo hupatikana kwa maharage, dengu, dagaa, maziwa na mayai, kila yai likiwa na takriban gramu 6.

Uchovu wa misuli unaofikia kilele siku moja hadi tatu baada ya mazoezi ni wa kawaida. Maumivu makali ya ghafla kiunoni, ganzi inayoshuka mguuni, au kushindwa kuzuia mkojo si ya kawaida kamwe na yanataka hospitali mara moja. Kiwiko kikianza kuuma upande wa ndani kutokana na kujivuta, punguza seti hizo kwa nusu, tumia mshiko wa viganja vinavyotazamana, na uongeze tena taratibu pale tu utakapoweza kuning'inia sekunde 30 bila maumivu.