Jinsi ya kuishi na jirani Mmakonde hapa Kwale bila kumfanya mgeni

Kwanza acha kumuuliza "kwenu hasa wapi?" manake wengi wao wamezaliwa hapahapa, babu ndo alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, na miaka yote hio walikaa bila kipande (kitambulisho cha taifa) mpaka 2016 walipoandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, 2017 wakatambuliwa kabila la 43 la Kenya.

Sa kwa baraza ya chifu mpe nafasi aongee ka wengine. Akiomba kazi usimdai barua ya mzee wa mtaa huku wenzake unawachukua na kipande tu, hio inauma sana jamani. Akikualika harusini nenda, kula, jua watoto wake kwa majina.

Jirani Mpemba pia fanya hivohivo, wao wametambuliwa 2023.