Kabla uchungu haujaanza: maandalizi ya dharura kwa wajawazito wa Amani, Muheza

Barabara ya kushuka kutoka Amani hadi Muheza mjini ina kona nyingi, na masika ikishika huwa utelezi mtupu. Hospitali Teule iko kule chini. Ikilazimika rufaa zaidi, safari inaendelea hadi Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Tanga. Mjamzito wa Zirai au Shebomeza hapaswi kufikishwa kwenye uchungu ndipo watu waanze kuulizana nani ana gari. Mimba ikifika miezi saba, kaeni chini mpange, na mume awepo, maana mara nyingi ndiye anayeshika hela na kutoa ruhusa.

Kwanza namba 115. Ni ya bure, na ndiyo ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga wenye dharura. Anayepokea huuliza maswali, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huita dereva wa jamii aliyesajiliwa, na malipo yake hutoka kwenye mfumo, si mfukoni mwa familia. Watu wengi hawalijui hili la malipo, wanabaki nyumbani wakitafuta mchango huku saa zinakwenda. Ila simu haisaidii pasipo mtandao. Huku milimani, nyumba moja inashika na ya jirani haishiki. Tafuteni mapema ni wapi hasa panaposhika, hata kama ni kwenye kichuguu nyuma ya shamba la iliki, na kila mtu mzima wa nyumba apajue. Mpigaji awe tayari kutaja kijiji na kitongoji, mimba ina miezi mingapi, damu inatoka kiasi gani, na kama mgonjwa anajibu akiitwa.

Halafu kuna kipande ambacho gari halifiki. Hapo ni machela: miti miwili imara, blanketi zito au magunia yaliyoshonwa vizuri. Itengenezwe sasa, ihifadhiwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, na vijana wa kubeba wajulikane kwa majina, wa kupokezana pia. Mgonjwa alazwe kwa ubavu wa kushoto. Bodaboda inamfaa mwenye uchungu wa mwanzo ambaye bado ana nguvu. Anayetoka damu nyingi au aliyepoteza fahamu asipakiwe kwenye pikipiki.

Suala la damu nalisisitiza kuliko yote. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache, na benki ya damu si lazima iwe na kundi lake siku hiyo. Andaeni ndugu wawili watatu wenye afya, umri kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, walio tayari kushuka naye. Wajue makundi yao. Wasitafutwe usiku.

Dalili za hatari zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, lakini kadi hukaa sandukuni. Mama mkwe, dada na mtoto mkubwa wazijue kwa kichwa: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ikitokea moja tu, piga simu. Msingoje asubuhi, wala msimwite kwanza bibi wa dawa za miti shamba. Kifafa cha mimba hakitulizwi kwa kunywesha mizizi.

Mfuko wa safari uwe na kadi, kanga safi, nguo za mtoto, pedi, simu yenye chaji na akiba ya pesa kidogo, kwa sababu chakula cha wasindikizaji hakilipwi na mfumo wowote. Lingine ambalo huchelewesha kina mama wengi: nani atabaki na watoto na mbuzi? Mtajeni jirani huyo kwa jina, akubali mwenyewe, na aonyeshwe ufunguo wa jikoni unakaa wapi.