Jinsi ya kushona sodo ya kukunjwa kama ya dani, na kuianika juani

Dani wangu, ndio hivyo sisi Wajaluo tunaita nyanya, alikuwa na kitambaa cha pamba cha mraba, anakikunja mara tatu halafu anakipitisha kwa kamba ya kiunoni, mbele na nyuma, na siku niliyoingia mwezini mara ya kwanza nikiwa darasa la saba hicho ndicho alinionyesha. Mimi nikaona ni mambo ya zamani. Sasa nimeshona nguo hapa Kisumu miaka mingi na nakwambia dada yangu, kile kitambaa kilikuwa kimefikiriwa vizuri kuliko pedi nyingi za kitambaa ninazoletewa nirekebishe, juu hizo zimeshonwa matabaka sita pamoja, zinakaa siku mbili hazijakauka, na kitu kikikaa na unyevu ndio kinaanza kunuka na kuwasha. Cha dani unakikunjua chote, kinabaki chepesi, jua linakimaliza mchana mmoja.

Kosa lilikuwa moja tu, alikianika chini ya godoro ati wanaume wasione.

Na msidhani kamba ni ya kijijini peke yake. Ulaya wanawake walikunja matambara miaka na miaka. Pedi za Kotex zilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1920, baada ya manesi wa Vita vya Kwanza vya Dunia kugundua kwamba bandeji za majeruhi zinanyonya damu ya mwezi vizuri sana, lakini hata hizo zilishikiliwa na mkanda kiunoni kwa sababu hazikuwa na gundi. Mwanamke mweusi wa Marekani, Mary Kenner, alipata hatimiliki ya mkanda wa kurekebisha saizi mwaka wa 1956, kampuni moja ikavutiwa, ilipojua ni mweusi ikarudi nyuma, na hiyo inaniuma kila nikiikumbuka. Gundi ilikuja karibu na 1970 ndio mikanda ikaanza kupotea. Kwa hivyo kitambaa chenyewe hakikuwa shida sana, watu walihangaika na kitu cha kukishikilia. Sisi tutatumia mabawa, yaani masikio ya pembeni yanayofungika chini ya chupi.

Kitambaa nunua soko la Kibuye hapa Kisumu, kwa mitumba, tafuta shuka za flaneli za watoto. Uliza muuzaji kama unaweza kuchomoa uzi mmoja uuchome na kiberiti, ukinuka kama karatasi na kuacha majivu hiyo ni pamba, ukiyeyuka ukawa kashanga kagumu achana nayo, haitanyonya kitu. Leso ya zamani pia ni nzuri, leso mpya ifue kwanza mara mbili tatu juu ile wanga yake inafanya maji yateleze. Ya kuzuia damu isipite chini, chukua kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Usitumie karatasi ya nailoni ya duka, inakutoa jasho na inapiga kelele ukitembea.

Anza na kiti, yaani ile sehemu inayokaa kwa chupi. Chora kwa katoni umbo la urefu wa sentimita 28 na upana wa 10, kila upande wa katikati ongeza bawa la sentimita 7, halafu kata flaneli moja na mwavuli mmoja. Kata vipande viwili vya utepe, vilaze juu ya uso wa flaneli vikikatiza upana, kimoja mbele kimoja nyuma, karibu sentimita 5 kutoka mwisho. Sasa laza mwavuli juu yake, nyuso zikiangaliana, shona ukingo kuzunguka sentimita 1 ndani ili utepe ushikwe na mshono, acha nafasi ya vidole vitatu, geuza, ziba, piga mshono wa juu ukingoni. Katikati USIPITISHE sindano, kila tundu la sindano kwa mwavuli ni mlango wa damu. Maliza na kifungo cha kubonyeza kwenye mabawa, kifungike chini ya chupi.

Kitambaa cha kunyonya ndio rahisi kabisa. Kata miraba miwili ya flaneli sentimita 26 kwa 26, shona pamoja ukingoni ibaki 24, kunja mara tatu upate upana wa 8, ncha zake ziingize chini ya ule utepe. Usiku ongeza cha pili. Viti 3 na vitambaa 10 au 12 vinatosha watu wengi, na unabadilisha kila saa 4 hadi 6.

Kufua, kwanza loweka kwa maji baridi. Maji moto yanaigandisha damu kwa nyuzi na doa halitoki tena. Halafu sabuni ya kipande, suuza mpaka maji yawe safi, usiweke ile dawa ya kulainisha nguo, inazuia kunyonya. Anika juani kweli kweli, kwa kamba ya nguo. Kama unaona haya tandaza leso nyepesi juu yake, hewa bado inapita. Mvua ya Aprili ikikataa kuacha, piga pasi ya moto vile vitambaa mpaka vikauke kabisa, lakini kiti usikiguse, mwavuli utayeyuka.

Najua ushuru wa pedi uliondolewa 2004 na sheria ya 2017 inasema wasichana wa shule wapewe bure, na ni vizuri sana, lakini likizo ikifika je, na mama yake anayeuza omena je? Ndio maana nafundisha hii.

Ukijaza kitambaa kizima kila saa kwa masaa mawili mfululizo, au ukawashwa na harufu ikabadilika, enda kliniki, hiyo si ya kuvumilia. Na kila miezi michache dondoshea kitambaa maji kidogo, yakikaa juu bila kuzama hata baada ya kufua vizuri, kifanye cha kupangusa meza ya cherehani ushone kingine.