Kufungua bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) ya bunduki ya Mauser 98 kwa usafi

Hewa ya ziwani hapa Mwanza ina unyevu; springi iliyo ndani ya bolti hushika kutu wala huioni. Toa risasi zote, kagua chemba kwa macho na kidole.

Koki bunduki (fungua na funga bolti ili pini irudi nyuma), simamisha kifungio cha usalama wima katikati. Fungua bolti, vuta kizuizi cha bolti kilicho kushoto, uichomoe bolti. Bonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa kifuniko cha nyuma, kisha zungusha kifuniko kinyume cha saa mpaka kitoke pamoja na pini inayogonga risasi.

Hapa ndipo watu huumia. Simamisha ncha ya pini kwenye ubao mgumu (zege huiharibu), kandamiza kifuniko chini kwa nguvu, zungusha kipande cha nyuma (kinachoshika mkia wa pini) robo mzunguko, kiondoe, halafu achia springi taratibu. Vaa miwani.

Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, paka filamu nyembamba ya mafuta ya bunduki. Grisi ndani ya bolti hapana: huganda, pini ikachelewa na risasi isilipuke. Grisi kidogo iende nyuma ya meno ya kufungia, yaliyo mbele ya bolti, tu.

Kifungio cha usalama kikiteleza wakati kifuniko na pini viko nje ya bolti, pini husonga mbele na kifuniko hakirudi ndani ya bolti. Vuta kipande cha nyuma kwa ukingo wa meza, kisha urudishe kifungio wima.