Kabla ya kuwatoa popo darini, wajengee kwao

Simu ninazopigiwa na wakulima wa Tanga na Pwani mvua zikikaribia huwa zinafanana. Popo wamejaa darini, silingibodi imeota madoa ya kahawia, chumba cha watoto kinanuka mkojo, na fundi ameshauri wapigwe dawa au wafukiziwe pilipili. Mimi huuliza swali moja tu: ukishawatoa, mchana watalala wapi? Asiyekuwa na jibu atawakuta dari ya jirani, au dari ileile baada ya wiki mbili.

Ndiyo maana nashauri kibanda cha popo, yaani sanduku la mbao la kulala, kitangulie, kufukuza kufuate. Kwa wenzetu wa Pemba wanaoikumbuka hofu ya Popobawa, jini lililodaiwa kuvamia watu usiku, ya mwaka 1995, natambua kuwa kumwomba mtu amjengee popo nyumba uani kwake si ombi jepesi. Lakini popo wa darini tayari unaishi naye. Unachofanya ni kumhamisha tu.

Tusiwachanganye, kwanza. Popo anayetoboa maembe na kuangusha mabibo chini ya mkorosho ni popo wa matunda. Huyo hulala mitini au mapangoni, na sanduku lako hatalitazama. Wa darini ni mdogo, anaenea kiganjani, na mkia wake mnene umechomoza nje kama wa panya. Chakula chake ni mbawakawa, nondo na wadudu wengine warukao usiku, na nondo ndiye mama wa viwavijeshi. Huko Hispania, kwenye mashamba ya mpunga ya delta ya mto Ebro, masanduku ya popo yamekuwa yakitumika kumpunguza funza wa mabua ya mpunga, mdudu wa jenasi moja na funza mmojawapo anayetoboa mahindi yetu. Kuhusu mbu, nasema wazi: usijenge kwa ajili ya malaria. Popo hawa huwinda juu angani, nje, na mbu wa malaria anakufuata chumbani. Chandarua kibaki palepale.

Sasa kazi ya seremala. Chukua mbao kavu za unene wa inchi 1, za mti wowote ulio nao ilimradi hazikupakwa dawa ya mchwa wala ya kuzuia kuoza. Ubao wa nyuma uwe na urefu wa futi 2 na nusu na upana wa futi 1 na nusu. Mbele ya huo panga vigawanyo vya plaiwudi, kimoja baada ya kingine, ukiacha nafasi ya robo tatu ya inchi hadi inchi 1 kati yake. Nafasi hiyo ndiyo siri ya kibanda kizima. Popo hataki chumba, anataka ufa: mgongo uguse huku na tumbo liguse kule. Mafundi wengi huona ni ubahili, wanaongeza hadi inchi 3, na wanaohamia humo ni nyigu.

Kila uso wa ndani uchanjwe mistari ya kukingama kwa ncha ya msumeno, takriban kila nusu inchi, ili kucha zipate pa kushika. Usipigilie wavu wa chuma, unachana mbawa. Ubao wa mbele uwe mfupi kuliko wa nyuma kwa inchi 5 hivi. Ile sehemu ya nyuma inayobaki wazi kwa chini ndiyo baraza lao la kutua kabla ya kupanda ndani, nayo ichanjwe pia. Chini pabaki wazi kabisa: kinyesi kinadondoka chenyewe na hakuna atakayelazimika kusafisha. Viungo vya juu na pembeni ziba kwa silikoni, kisha funga kwa skrubu badala ya misumari, maana mbao zetu hujikunja kiangazi.

Joto ndilo linaloharibu kazi nyingi, na hapa nina kosa la kusimulia. Sanduku langu la kwanza nililifunga kwenye ukuta wa magharibi, na kwa kuogopa mchwa nikalipaka oili chafu mpaka likawa jeusi tii. Saa tisa alasiri ubao ulikuwa haushikiki. Popo wachache waliojaribu kulala humo niliwakuta wamerundikana mdomoni mwa sanduku, wanahema. Kesho yake hakukuwa na hata mmoja.

Popo hawa ni wastahimilivu, wanaishi chini ya mabati ambako joto hupita nyuzi 40, lakini darini wana nafasi ya kuhama kutoka bati kwenda kwenye ukuta wenye ubaridi. Ndani ya sanduku hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo uwape tofauti ya joto humo humo: vyumba vya ufa vitatu au vinne badala ya kimoja, na mwanya wa nusu inchi uliokatwa kukingama kwenye ubao wa mbele, inchi 6 kutoka chini, hewa ipite. Pwani paka nje rangi nyeupe ya maji, ndani usipake kitu. Kwa kuwa jua letu la mchana linapiga utosini, paa ndilo la kulitazama kuliko kuta: weka ubao, kisha bati juu yake likiwa limeinuliwa inchi 1 na kuchomoza pande zote. Elekeza uso wa sanduku mashariki, lipate jua la asubuhi na kukwepa la alasiri. Aliye Lushoto au Njombe afanye kinyume kwenye rangi: kahawia iliyokolea, ajipatie joto.

Usilifunge mtini. Matawi humzuia, na nyoka na paka hupanda. Ukuta wa matofali ni mzuri, nguzo pia ni nzuri, ila urefu usipungue futi 13 kutoka ardhini. Popo huyu ana mbawa nyembamba na hawezi kupaa kama njiwa. Hujiachia kwanza, akadondoka mita kadhaa, ndipo hewa imbebe. Jioni moja keti nje saa kumi na mbili na nusu, utawaona ukingoni mwa paa wanadondoka mmoja mmoja kama mtu anayemwaga kokwa. Kwa hiyo chini ya kibanda pasiwe na kichaka wala kamba ya kuanikia nguo, na mbele pawe wazi kiasi cha futi 20. Taa ya ulinzi isikimulike. Nguzo ivishwe koni ya bati, kama zile za kuzuia panya kwenye miguu ya ghala la mahindi.

Na kisikae juu ya kisima, jiko, wala paa linalokinga maji ya mvua kwenda kwenye tangi.

Kibanda kikishasimama walau mwezi mmoja, rudi darini. Fanya kazi hii kiangazi. Popo hawa huzaa zaidi nyakati za mvua, kitoto kimoja kwa mama, na kitoto hakiruki kwa wiki kadhaa. Ukiziba mapema vinafia humo na harufu itakukumbusha kwa mwezi mzima. Tafuta tundu wanalotokea. Ziba mengine yote, na juu ya hilo moja ning'iniza kipande cha nailoni ngumu, kigongomelewe juu na pembeni, chini kiachwe huru futi 1 na nusu kupita tundu. Anayetoka huteleza chini yake, anayerudi hulifuata tundu na kukuta nailoni. Acha hivyo usiku 5 hadi 7, hakikisha pamenyamaza, kisha ziba kwa saruji.

Kuhusu magonjwa, tusidanganyane. Popo anaweza kubeba kichaa cha mbwa, na katika jamii hii ya popo wa darini virusi vya Bombali, ndugu wa virusi vya Ebola, vilipatikana Sierra Leone na baadaye Kenya, ingawa hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa virusi hivyo. Popo aliyeanguka asiguswe kwa mkono mtupu, na watoto waambiwe hivyo mapema. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kinyesi kikavu kisifagiliwe hivi hivi: kinyunyizie maji kwanza, funga barakoa, vaa glovu, kisha kikusanye. Kina naitrojeni nyingi, kwa hiyo kikae kwenye mboji hadi ioze vizuri. Kikiwekwa kibichi kwenye mche wa mchicha kinauunguza.

Je, watahamia? Huko Florida, mwaka 1929, Richter Perky alijenga mnara mkubwa wa popo kisiwani Sugarloaf Key ili wamalize mbu, na popo hawakukaa humo kamwe. Kimbunga Irma kiliuangusha mwaka 2017 ukiwa bado mtupu. Wewe una nafuu, maana wako tayari wapo darini. Usihangaike kupaka kinyesi ndani ili kuwavutia. Zikipita misimu miwili ya mvua bila kinyesi kuonekana chini, kagua kwanza nyigu, kisha pandisha kibanda futi 3 au kigeuze upande.